Ulinganisho: Mbunge akifukuzwa na chama, kiti ni cha nani? TZ, KE, UG na DRC

Mwambao wa Ujiji (mwanzisha mada)
Wakuu, salaam. Humu kila wiki tunabishana nani kahamia chama gani, ila sheria zenyewe hatujaziweka mezani pamoja. Mbunge akikosana na chama chake, kiti kinabaki kwa nani: kwake, kwa chama, au kwa waliompigia kura?

Naanza na kwetu. Katiba ya 1977, Ibara ya 67, hairuhusu kugombea ubunge bila kupendekezwa na chama. Ibara ya 71 inasema ukiacha kuwa mwanachama wa chama hicho, ubunge unakoma. Machi 2015 Zitto Kabwe aliaga bungeni baada ya kuvuliwa uanachama na Chadema, na Kigoma Kaskazini ikabaki bila mbunge. Oktoba akarudi kwa tiketi ya ACT-Wazalendo, safari hii Kigoma Mjini. Lakini David Kafulila wa Kigoma Kusini, aliyefukuzwa na NCCR-Mageuzi Desemba 2011, alikimbilia Mahakama Kuu, akapata zuio na kuendelea na kiti. Wote wawili wa mkoa mmoja, na wananchi hawakuulizwa popote.

Mzee Rwenzori
Mwanzisha mada, njoo Uganda uone. Mwaka 2013 chama tawala, NRM, kiliwafukuza wabunge wanne: Theodore Ssekikubo, Wilfred Niwagaba, Mohammed Nsereko na Barnabas Tinkasiimire. Chama kikataka viti vyao vitangazwe kuwa wazi. Spika Rebecca Kadaga akakataa, ingawa naye ni NRM. Mahakama ya Katiba ikaamua Februari 2014 kwamba waondoke. Wakakata rufaa, na Oktoba 2015 Mahakama ya Juu ikawapa haki.

Hoja ilikuwa Ibara ya 83. Inamvua kiti mbunge *anayeondoka* chama kilichompeleka bungeni akajiunga na kingine au akabaki huru. Aliyefukuzwa hakuondoka, ameondolewa. Kwangu huo ndio ulinzi wa kweli, kwa sababu bila huo kikao cha viongozi wachache wa chama kinaweza kufuta uamuzi wa jimbo zima.

Binti Kilindini
Nawaamkua nyote. Kenya tuna Ibara ya 103 ya Katiba ya 2010: mbunge akijiuzulu chama chake, au sheria ikimhesabu kuwa amejiuzulu, kiti kinakuwa wazi. Na Sheria ya Vyama vya Kisiasa inakuhesabu umejiuzulu hata kwa kupigia debe chama kingine. Kwenye karatasi ni kali. Lakini Machi 2019 chama cha ODM kilipomfukuza Aisha Jumwa wa Malindi, jopo la mizozo ya vyama liliusimamisha uamuzi huo, akamaliza muhula wake hadi 2022 huku akifanya siasa za upande wa pili waziwazi.

Tunachowazidi ndugu zetu wa Tanzania ni mgombea huru, Ibara ya 85. Suleiman Dori alipofariki, uchaguzi mdogo wa Msambweni Desemba 2020 ulichukuliwa na Feisal Bader, asiye na chama, akamshinda mgombea wa ODM katika Pwani hii ambayo ODM iliiona kama yake. Mpiga kura akipewa mlango huo, mwenye chama atafikiria mara mbili kabla ya kumtupa mtu.

Na tusisahau kanuni yetu ilivyozaliwa. Jaramogi Oginga Odinga na wenzake walipotoka chama tawala cha KANU 1966 kuunda chama cha upinzani, KPU, katiba ilibadilishwa haraka ili walazimike kurudi kwa wapiga kura, na wengi wao hawakurudi bungeni. Kanuni ya kumheshimu mpiga kura ililetwa ili kuzima upinzani. Hilo linaniuma mpaka leo.

Mkivu
Jambo wote. Kwetu Kongo Ibara ya 110 inasema mbunge akiacha chama chake kwa kutaka mwenyewe katikati ya muhula, anahesabiwa ameacha na kiti. Basi angalieni mwisho wa 2020: Rais Tshisekedi alivunja ushirika na FCC, muungano wa vyama wa rais wa zamani Kabila, na wabunge wengi wa FCC wakavuka kwenda Union sacrée, muungano mpya wa Tshisekedi. Januari 2021 Mahakama ya Katiba ikawaruhusu. Wingi wa bunge uligeuka bila raia hata mmoja kupiga kura.

Mwambao wa Ujiji
Mkivu, hilo la kwenu ni zito kuliko nilivyodhani. Angalau Maulid Mtulia wa Kinondoni na Dk. Godwin Mollel wa Siha, walipotoka CUF na Chadema kwenda CCM Desemba 2017, walirudi kwa wananchi Februari 2018. Tulilalamikia gharama na mazingira ya chaguzi zile, na malalamiko yalikuwa halali, lakini kura ilipigwa.

Kuhusu mgombea binafsi, yaani huyo mgombea huru, mwanasiasa wetu Mchungaji Mtikila alilipigania kortini tangu miaka ya 1990. Juni 2013 Mahakama ya Afrika pale Arusha ikasema kumzuia ni kuvunja haki zake. Amefariki 2015, mlango bado umefungwa.

Sauti ya Nkuhungu
Wakuu, mnachanganya viti viwili tofauti. Ya Ssekikubo nakubali, yule alipigiwa kura na jimbo. Lakini viti maalumu vya wanawake hapa Tanzania vinagawiwa vyama kwa kura walizopata, kuanzia asilimia 5, na majina hupelekwa na chama. Wale 19 wa Chadema waliapishwa Novemba 2020, chama kikasema hakikuwateua, kikawafukuza siku hizohizo, na Baraza Kuu la chama likatupa rufaa zao Mei 2022. Bado walikaa bungeni. Hapo hakuna jimbo la kulindwa. Mzee Rwenzori, kanuni yako ya "hakuondoka, ameondolewa" inamlinda nani kwenye kiti ambacho hakina mpiga kura wake?