Kumbikumbi sebuleni na njia za udongo ukutani: je, ni tatizo moja?

Mkazi wa Ipuli

Wakubwa shikamooni, na wengine habari zenu. Ninaishi Ipuli, hapa Tabora mjini, katika nyumba niliyohamia mwezi wa Juni, na kiangazi chote sikusumbuliwa na mdudu yeyote isipokuwa mende wachache wa jikoni. Mvua ya kwanza ilipoanguka juma lililopita, mambo yalibadilika kwa usiku mmoja. Kumbikumbi waliingia kupitia uwazi ulio juu ya madirisha, wakaizunguka taa ya sebuleni hata tukaacha chakula mezani, na asubuhi sakafu nzima ilikuwa imefunikwa na mabawa. Siku ya tatu niliona mstari wa udongo mwekundu, mwembamba kama kidole cha mtoto, ukipanda kutoka kwenye kona ya sakafu hadi kwenye fremu ya mlango wa chumbani. Uani nako jongoo wametapakaa, na usiku wa kuamkia jana siafu walipita kwenye banda la kuku, wakaua vifaranga wanne.

Jirani yangu ananihimiza ninunue dawa kali nipulize nyumba nzima na uani kabla mvua hazijakolea. Mimi nina mtoto anayetambaa, na kisima chetu kiko hatua kumi na tano tu kutoka ukutani. Naomba kuelezwa ni yupi kati ya wadudu hawa anayestahili hofu yangu, na nianzie wapi.

Seremala wa Cheyo

Ndugu, hofu yako iweke yote kwenye ule mstari wa udongo. Kumbikumbi ni mchwa wenye mabawa ambao hutoka vichuguuni baada ya mvua za kwanza ili kutafuta wenza. Wakishatua huyaangusha mabawa, dume na jike wakafuatana kutafuta udongo wenye unyevu wa kuanzishia makazi mapya, na wengi wao huliwa na kuku, ndege na mijusi kabla hawajafika popote. Hao hawakuja kula mbao zako. Wamevutwa na taa kutoka kichuguu chochote cha jirani, na dawa utakayowapulizia ni fedha iliyotupwa.

Mchwa wanaotafuna ni wale wadogo weupe wasio na mabawa. Ngozi yao ni laini, hukaushwa upesi na hewa, ndiyo maana hawatembei wazi bali hujenga njia iliyofunikwa kwa udongo kutoka ardhini hadi kwenye mbao. Bomoa kipande cha katikati cha njia hiyo, urefu wa kiganja, kisha usiguse tena kwa siku mbili. Ukikuta wamekiziba, ujue wako kazini. Halafu ichukue bisibisi, ugonge fremu kwa mpini wake kuanzia chini kwenda juu: mbao nzima hutoa sauti nzito, iliyoliwa hulia kama debe tupu. Nimewahi kuifungua fremu iliyokuwa iking'aa kwa rangi, nikakuta ndani hakuna kitu isipokuwa udongo na ganda jembamba lililoshikiliwa na rangi hiyohiyo.

Watu wengi hapa kwetu hujiamini kwa kuwa fremu ni za mninga au mkurungu. Ni kweli kwamba moyo wa mbao hizo huwashinda mchwa, lakini ule upande mweupe ulio karibu na gome huliwa kama mbao nyingine yoyote, na siku hizi fremu za bei nafuu hupasuliwa zikiwa na weupe mwingi. Tena mafundi wengine huzamisha miguu ya fremu chini ya sakafu hadi kwenye udongo, na hapo mchwa hawahitaji hata kujenga njia. Kagua pia nje ya ukuta huohuo, kwa sababu mara nyingi utakuta kuni zimeegemezwa au udongo umelundikwa kupita usawa wa msingi.

Bibi wa Isevya

Mwanangu, pole kwa vifaranga. Siafu usipigane nao, maana hawakai mahali pamoja. Huwinda na kupita, na wakipita ndani ya nyumba huondoka na mende, nge na panya wachanga. Kinachotakiwa ni kumtoa mtoto na kuku mapema, kisha kurudi msafara ukishapita. Banda liinue kwa miguu, na kila mguu uusimamishe ndani ya kopo lenye oili ili wasipande.

Kumbikumbi nao wakitoka tena, zima taa zote za ndani, washa moja ya nje, na chini yake weka beseni la maji. Asubuhi wachambue mabawa, uwaanike, uwakaange bila mafuta kwa kuwa wana mafuta yao wenyewe. Ila wa nyumba iliyopulizwa dawa msile kabisa.

Mrina asali, Urambo

Naunga mkono hoja ya kutopuliza uani. Wengi wetu mkoani tunaishi kwa nyuki, na dawa inayopeperushwa na upepo haichagui. Jongoo waache, chakula chao ni majani yaliyooza; tofauti yao na tandu ni kwamba jongoo ana jozi mbili za miguu karibu katika kila pingili ilhali tandu ana moja, na tandu ndiye anayeuma. Mtoto akishika jongoo, mnawishe mikono kabla hajajipangusa macho, kwa kuwa majimaji yake huwasha.

Kwa mchwa mimi hutumia oili chafu. Naimwaga kando ya msingi kila mwaka na sijajuta.

Seremala wa Cheyo

Ndugu wa Urambo, kwa nguzo ya uzio nitanyamaza, lakini kwa nyumba yenye kisima hatua kumi na tano siwezi kukubaliana nawe. Oili hiyo huzama na maji ya mvua, na ladha yake wataijua kwenye kikombe. Hata dawa ya mchwa ya dukani isimwagwe upande huo.

Mkazi wa Ipuli

Nawashukuru nyote. Njia niliyoibomoa juzi imezibwa, na fremu inalia kama debe kutoka chini hadi usawa wa goti. Nje ya ukuta huo nilikuta maboksi ya aliyehama kabla yangu, yameoza na kugeuka udongo mtupu. Nimeyaondoa na kuyachoma, na udongo uliolundikana nimeuchimbua hadi msingi ukaonekana. Kesho fundi atang'oa fremu, na nimemwagiza miguu ya mpya isimame juu ya zege, na mbao aninunulie mbele ya macho yangu. Kuku wamelala kwenye banda la miguu minne, makopo yakiwa chini. Jirani bado ananuna kuhusu dawa.