Gari-nyumba la zamani limechakaa ndani: rangi, stika au mbao mpya?

Mzururaji
Wakuu, habari za kazi. Nina gari-nyumba la mwaka 1994. Injini haina neno, ila ndani kumechoka. Milango ya makabati ni chipubodi (ubao wa vipande vya mbao vilivyoshindiliwa kwa gundi) iliyovikwa karatasi yenye picha ya mbao, na karatasi imeanza kubanduka pembeni. Kuta ni plaiwudi nyembamba yenye ngozi ya vinili, yaani plastiki laini, iliyogeuka njano. Chini ya dirisha la nyuma kuna doa la kahawia. Naona njia tatu: kupaka rangi, kubandika stika ya vinili, au kung'oa na kuweka plaiwudi mpya. Tunalala humo na watoto wakati wa joto na wa baridi, kwa hiyo nataka kitu cha kudumu. Mliopitia haya mnashauri nini?

FundiMbao
Mkuu, anza na hilo doa. Mengine yote yasubiri. Bonyeza kwa kidole gumba hapo na pembeni yake. Pakibonyea, maji yameshaingia. Ukipata kipima unyevu itakuwa bora zaidi: ukiona kinasoma zaidi ya asilimia 20, jua kuna mahali panavuja.

Na usidhani panavuja palepale penye doa. Maji huingia kwenye kiungo cha paa, kwenye reli ya aluminiamu ya kona, hata kwenye tundu la skrubu moja tu, yakashuka ndani ya ukuta na kujitokeza chini. Utepe wa butili, yaani utepe wa mpira unaonata wa kuziba viungo, uliowekwa kiwandani hukauka kwa miaka, na gari likitikisika barabarani viungo huachia. Toa reli, kwangua uchafu wote wa zamani, weka utepe mpya. Usipake silikoni juu juu. Mabaki yake ni shida kuyaondoa, na rangi au gundi haishiki juu yake. Ukibandika vinili kwenye plaiwudi yenye maji, umeyafungia humo, na mbao itaoza bila wewe kuiona.

Brashi_Mbili
Naunga mkono. Pakishakauka, mimi nachagua rangi, na sioni kinachoifikia kwa gari la umri huo. Lita moja hufunika mita za mraba 10 hadi 12, kwa hiyo gari haliongezeki uzito wa maana, na mkwaruzo unaurekebisha kwa brashi ndogo.

Ila rangi inategemea maandalizi. Toa milango yote, toa bawaba na vishikio, ipe kila mlango namba na bawaba zake. Osha kwa sabuni kali ya kuondoa mafuta, suuza, acha pakauke. Sehemu ya jiko ioshwe mara mbili, maana mvuke wa mafuta umeganda hapo kwa miaka. Kisha piga msasa wa 180 au 220 kwa mkono mwepesi, uondoe mng'ao tu. Ile karatasi ni nyembamba mno. Ukiitoboa, chipubodi itanyonya maji ya praima (rangi ya msingi inayotangulia) na kuvimba, na uvimbe wa chipubodi haurudi chini.

Praima iwe ya kushika kwenye sehemu laini. Kwenye madoa na njano tumia ile ya kuzuia madoa iliyotengenezwa kwa sheliki (aina ya utomvu mgumu), la sivyo njano itapenya hadi juu hata upake mikono minne, yaani tabaka nne. Halafu mikono miwili au mitatu myembamba ya rangi ngumu ya maji, kwa rola ya sponji. Madirisha yawe wazi na barakoa usoni, hasa kwa ile sheliki, harufu yake ni kali.

Jambo linalowaponza wengi ni haraka. Rangi huwa kavu mkononi baada ya saa chache, lakini kukomaa huchukua wiki kadhaa. Milango ikifungwa mapema hushikana na fremu, na siku ya kuifungua rangi inang'oka.

Upepo_wa_Kusi
Brashi_Mbili, nakuheshimu, lakini kwa milango bapa stika inashinda. Haina wiki za kusubiri wala harufu, jambo kubwa kwa mwenye watoto. Inafutika kwa kitambaa chenye maji.

Siri ni mbili. Kwanza, usiivute. Ukiipasha joto ikanyooka nawe ukaivuta ili itoshe, kesho itarudi ilivyokuwa na kuacha ukingo wazi. Anzia katikati ukisukuma hewa nje kwa kipande cha plastiki chenye kitambaa. Pili, izungushe ukingo hadi nyuma ya mlango, usiikate usawa wa pembe, maana inapokatwa ndipo inapoanza kubanduka. Karibu na jiko usiiweke kabisa. Na kwenye kuta zenye vinundu haifai: inashika vilele tu, chini kunabaki hewa.

Brashi_Mbili
Hapo kwenye kuta tunakubaliana. Kwa milango, nitakubali pia kama karatasi ya chini bado imeshika. Inayobanduka ikibandikwa stika, vyote viwili vitaondoka pamoja. Kwa hiyo Mzururaji, karatasi iliyolegea ing'olewe au irudishwe kwa gundi kwanza, njia yoyote utakayochagua.

Mizani
Mbona hakuna aliyegusa uzito wa njia ya tatu? Plaiwudi ya milimita 3 ni karibu kilo moja na nusu hadi mbili kwa mita ya mraba. Ya milimita 9 ni kama kilo tano. Ukifanya makabati yote kwa ile nene, unaongeza makumi ya kilo. Magari mengi ya aina hii yaliyotengenezwa Ulaya yana kikomo cha kilo 3,500, na yakijazwa maji, gesi na watu hubaki na nafasi ndogo. Lipime likiwa limejaa kabla hujanunua ubao. Vigae vya udongo msifikirie kabisa: ni vizito, na mwili wa gari unapojipinda vinapasuka.

Mzururaji
Asanteni sana. Nimebonyeza: chini ya dirisha ni laini kama upana wa viganja viwili, kwingine kote ni kugumu. Nitaziba kona ya nje, nikate hicho kipande na kuweka plaiwudi ya milimita 3, kuta zote rangi, milango ya juu stika. Swali la mwisho: karibu na sakafu kuna matundu yenye wavu, upepo baridi unapita hapo. Niyafunike nikiwa napanga ukuta mpya?

FundiMbao
Usiyafunike hata kidogo! Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa. Ikivuja hutulia chini, na matundu hayo ndiyo njia yake ya kutokea. Yale ya juu nayo yanapitisha hewa mnapokuwa mmelala. Yasafishe vumbi, yazungushie tepu ya karatasi wakati wa kupaka, na rangi ikikauka hakikisha wavu haujaziba. Kuhusu hicho kipande, kata hadi ufikie mbao ngumu iliyo kavu, na uache ukuta wazi mpaka kipima unyevu kishuke chini ya asilimia 15 ndipo uufunge.