Kachukua tyubu YANGU, kampa mtu asiyemjua, halafu ananiambia "ungebeba yako"

Kiroboto wa Handeni (mleta uzi)

Wakuu, naandika hapa nina tope mpaka ndani ya masikio. Sijaoga, sijala, na silali mpaka hili nilitapike. Modereta, nakuomba usiuhamishie huu uzi jukwaa la michezo. Hii si michezo, hii ni jinai.

Mnamjua. Simtaji. Yule aliyejipa uongozi wa msafara bila kura, mwenye miwani inayong'aa kama mgongo wa nzi wa chooni, anayetuma ujumbe wa sauti wa dakika saba kuelezea kona moja.

Jumapili tumetoka na baiskeli watu kumi na mmoja, Waswahili wa Toulouse huku Ufaransa na wapambe wao. Tuanzie bwawa la Saint-Ferréol, tushuke na Rigole, ule mfereji mdogo, hadi Naurouze, tushike mfereji mkubwa wa Canal du Midi mpaka Castelnaudary, turudi na treni. Asubuhi bwana mkubwa anatangaza: "Hakuna haja kila mtu kujibebesha mizigo, vipuri vyote vije kwenye begi langu." Sauti ya kuhutubia taifa. Nikampa tyubu yangu. Mpya, kwenye boksi lake, inchi 29. Nimeinunua Ijumaa. Hilo la Ijumaa mlishike.

Rigole yenyewe sina ubaya nayo. Kimfereji chembamba, maji yanakwenda pembeni yako taratibu kama mzee anayetoka msikitini, njia ya udongo inapinda kila yanapopinda maji, majani makavu yanalia chini ya tairi. Nikajiona na mimi mtu.

Karibu na Naurouze tunamkuta mama wa Kifaransa amekaa kwenye nyasi, baiskeli yake ya kwendea sokoni, kikapu mbele, gurudumu la nyuma limelala chali. Kiongozi akashuka kama malaika. Akafungua begi. Akachomoa tyubu. YANGU. Akaivisha, akapiga pampu, mama anaimba merci, merci, picha zikapigwa. Nikanyamaza. Nikasema moyoni huu ni ubinadamu, na begi lile kubwa kama gunia la mkaa haliwezi kukosa nyingine.

Halikuwa na nyingine.

Kilomita kama saba mbele tumepita malango ya maji ya Laurens, yale ya kupandisha na kushusha boti, matatu yaliyofuatana kama ngazi. Njia imejaa mizizi ya ile miti ya platani, mimi nimechanganya mwendo kidogo, nikaupiga mzizi mmoja, pssss. Matundu mawili yametazamana kama macho ya paka. Nikapiga kelele. Akarudi. HAKUSHUKA. Mguu mmoja chini, mmoja juu ya pedali. Akavua miwani, akaifuta na fulana, akaivaa tena. Akaitazama tairi, akanitazama mimi. Akasema:

"Ungebeba yako."

Ungebeba. Yako.

Hiyo yangu iko wapi? Si iko Naurouze inazunguka chini ya mama wa watu! Nimesukuma baiskeli kilomita sita mpaka Castelnaudary. Boti za kupanga, ambazo haziruhusiwi kuzidi kilomita 8 kwa saa na zinaendeshwa na wazee wasiohitaji hata leseni, ZIMENIPITA. Mbwa wa kwenye boti alinitazama kwa huruma. Bata walicheka, nawaapia, wale bata wanajua Kiswahili. Na kila hatua nasikia kichwani: ungebeba yako. Alivyoifuta ile miwani. Polepole. Kama daktari anayetafuta namna ya kuwaambia ndugu.

Nawasilisha.

Nyanya Chungu

Nimeshika siti ya mbele na karanga zangu. Endeleeni.

Shangazi wa Lyon

Subiri kwanza. Si yule aliyemwambia shemeji yangu "hapa hakuna kona, achia breki", akamfuata kambale?

Kiroboto wa Handeni

Huyo huyo shangazi. Na angezama angeambiwa angebeba boti yake.

Fundi Spoku

Mkuu, pole, ila nina maswali ya kifundi. Moja, tyubu ya 29 ya baiskeli ya porini iliingiaje kwenye baiskeli ya sokoni? Mbili, mwaka huu bado unapanda mizizi na tyubu? Watu wameshahamia tairi zisizo na tyubu, unamimina yale maziwa ya kuziba, mwiba ukiingia inajiziba yenyewe, unaendelea na safari zako. Tatu, viraka na solusheni vilikuwa wapi?

Kiroboto wa Handeni

Moja, iliingia kwa kukunjwakunjwa kama kanzu kwenye mfuko wa rambo, na yeye alikuwa ANATABASAMU. Mbili, sina hela ya maziwa, nilikuwa na hela ya tyubu, nikainunua Ijumaa. Tatu, viraka vilikuwa kwenye begi lake, na begi lilikuwa limeshaondoka na mgongo wake.

Fundi Spoku

Kwa faida ya wengine: rimu ya 29 na ile inayoandikwa 700 ni saizi moja, milimita 622. Tofauti ni unene tu. Kwa hiyo kitaalamu jamaa hakukosea.

Kiroboto wa Handeni

Nani kakuuliza kuhusu rimu? Mtu kaniambia "ungebeba yako" wewe unaniletea milimita.

Mwalimu wa Zamu

Kijana, unalia kwa tyubu. Pierre-Paul Riquet alianza kuuchimba mfereji huo 1666, enzi za Louis XIV. Akatia mali yake humo mpaka akazama kwenye madeni, akafa 1680, miezi michache tu kabla haujafunguliwa 1681. Kilomita 240 kutoka Toulouse mpaka ziwa la Thau kando ya bahari na hakuona zikikamilika. Je, alifungua uzi?

Na hiyo Rigole uliyoisifia, kazi yake ni kuleta maji ya Montagne Noire mpaka Naurouze, sehemu ya juu kabisa, mita 189. Pale yanagawanyika, haya yanakwenda upande wa Atlantiki, yale upande wa Mediterania. Maji yanagawiwa watu yasiowajua tangu karne ya 17. Wewe tyubu moja.

Nyanya Chungu

Hahahaha mwalimu kamaliza. Karanga zimeniingia puani.

Kiroboto wa Handeni

Mwalimu, Riquet hakuwekewa mtu na miwani akamwambia "ungechimba wako".

Mrembo wa Redon

Jameni mimi niko huku Bretagne na nina yangu. Kiongozi wetu naye alituambia tutoke Redon tufuate mfereji wa Nantes hadi Brest, "ni tambarare wote, mfereji haupandi mlima, utaendesha ukiwa umelala". Nikabeba hadi viatu vya kupiga picha. Hakuna aliyeniambia kuna Guerlédan. Kumbe mwaka wa 1930 walimaliza bwawa la umeme pale, likaukata mfereji katikati, malango ya zamani yako chini ya maji. Akasema tuzunguke ziwa kwa njia ya msituni. Mimi na mawe, mimi na mteremko, mimi na machozi. Nikauliza, hii ndiyo tambarare? Akanijibu, "Ukiangalia kwenye ramani ni tambarare." KWENYE RAMANI. Kila karatasi ni tambarare!

Shangazi wa Lyon

Huyo ni ndugu yake na wetu. Baba mmoja.

Kiroboto wa Handeni

Pole dada Mrembo. Lakini wako angalau alizungumza na wewe akiwa ameshuka kwenye baiskeli. Wangu HAKUSHUKA.

Mwana Chukudu

Bandugu, mie wa Goma, naishi karibu na Dijon. Mnanichekesha sana. Kwetu chukudu, ile baiskeli ya mizigo isiyo na pedali, ni ya mbao, gurudumu la mbao, unalivisha kipande cha mpira wa tairi kuukuu, unapakia magunia ya viazi, unateremka nayo barabara ya mawe ya volkano. Haina tyubu, haina pancha, haina kiongozi. Breki ni mguu na ndala. Ningekuwa na ile chukudu hapa Canal de Bourgogne ningewapita wote na viazi vyangu.

Fundi Spoku

Chukudu ina injinia zake nzuri sana, ile springi ya kwenye usukani…

Nyanya Chungu

Kaanza tena.

Kivuli cha Mnazi

Mimi lalamiko langu ni kivuli. Nilikwenda Agosti upande wa Trèbes nikiwa nimeangalia picha za kwenye kalenda: miti miwili miwili imeinamiana juu ya maji kama inanong'onezana. Nikafika, visiki. Kumbe ule ugonjwa wa kuvu uligunduliwa 2006, palepale jirani, Villedubert, wakaanza kukata na kuchoma, maelfu kwa maelfu. Nilichomeka jua la utosini mpaka mke wangu akanipita njiani Carcassonne bila kunitambua. Mizizi wameiacha, kivuli wamekichukua.

Mwalimu wa Zamu

Inasemekana wanapanda miti ya aina nyingine badala yake. Subira.

Kivuli cha Mnazi

Nisubiri mche mwalimu? Nina miaka hamsini na mbili.

Nilikuwepo Pia

Nilikuwa kwenye msafara huo. Nimenyamaza kwa heshima lakini naona mleta uzi anachagua ya kusema. Kwanza, pampu yake aliisahau kwenye gari asubuhi, tulikuwa tunamwazima. Pili, kabla ya kuupiga ule mzizi alikuwa ameachia mikono yote miwili, anajirekodi, anasema "karibuni kwenye chaneli yangu". Tatu, yule mama alitupa kikasha cha stroberi kwenye kikapu chake, shukrani ya tyubu. Tukala. Tamu kweli.

Kiroboto wa Handeni

STROBERI?

Nilikuwepo Pia

Ulikuwa umetangulia, ulisema unataka kushika rekodi ya kipande kile.

Kiroboto wa Handeni

Yaani tyubu yangu imelipiwa stroberi, mkazila, na mtu mwenye juisi ya stroberi mdomoni ndiye aliyenitazama akaniambia ungebeba yako. Wakuu mnaona? Mnaona lakini?

Nyanya Chungu

Tunaona. Zilikuwa kubwa?

Nilikuwepo Pia

Kama ndimu.

Shangazi wa Lyon

Mkifika Castelnaudary mlikula nini? Nasikia pale ndiyo kwao cassoulet.

Nilikuwepo Pia

Ndiyo. Chungu cha udongo, maharage meupe, mapaja ya bata, kimetoka tanuri juu kimekauka ukoko. Kiongozi aliagiza cha watu wanne. Mleta uzi alifika tumeshalamba sahani.

Kivuli cha Mnazi

Hilo nalo lina lalamiko lake. Mimi sili nguruwe. Nikauliza, humu kuna nguruwe? Mhudumu akasema hapana, ni bata. Kijiko cha tatu nakutana na soseji. Nikauliza, na hii? Akasema, "Hiyo ni soseji." Nimelipa, nimetoka, nimekunywa maji mpaka Toulouse.

Mrembo wa Redon

Si ungewaambia wakutengenezee ya mbuzi?

Mwalimu wa Zamu

Msimwambie mtu wa Castelnaudary kuhusu mbuzi. Hata Carcassonne na Toulouse, kila mji unadai cassoulet yake ndiyo halisi, na hawajapatana mpaka leo.

Mama Kidele

Mimi nimeishi Pwani na nimeishi huko, na nasema mbele ya watu: yale si maharage ya kuringia. Yamepikwa kwa mafuta ya bata yakasahauliwa. Maharage ni ya nazi. Tui zito mwishoni, chapati pembeni, watu wananyamaza.

Mwana Chukudu

Maharage ni ya Masisi na mafuta ya mawese. Nimefunga.

Mama Kidele

Mawese? Kwenye maharage? Ndugu yangu, umekuja huku kwa amani?

Fundi Spoku

Naunga mkono nazi.

Kiroboto wa Handeni

Jamani uzi ni wa TYUBU. Mtu alifuta miwani. Kwa fulana.

Mrembo wa Redon

Mama Kidele, ile meupe mikubwa ya Kifaransa ikipikwa na nazi hairojeki? Niko nayo kilo mbili hapa kabatini.

Mama Kidele

Inakuwa sawa, ila uiloweke usiku kucha, umwage maji yale, uchemshe mapya. Nazi itie mwisho kabisa, usiondoke jikoni.

Kivuli cha Mnazi

Na iliki?

Mama Kidele

Iliki ya nini, unapika chai?

Kiroboto wa Handeni

Narudia kwa mara ya mwisho, nilisukuma kilomita sita, na… Mama Kidele, nikiloweka sasa hivi kesho mchana yatakuwa tayari?

Mama Kidele

Yatakuwa tayari mwanangu. Umekula lakini? Una magadi?

Shangazi wa Lyon

Asitie magadi! Magadi yanaua ladha!

Mama Kidele

Shangazi, nakuheshimu, lakini hapo umeingia jikoni kwangu na viatu.