Mkato wa mitetemo wa Ghuba ya Pozzuoli: hapa ni tufu au gesi?

Mchora_Matabaka: Wanajamvi, nina mkato wa mitetemo (picha ya matabaka ya chini ya bahari inayochorwa kwa mwangwi wa sauti, ambamo kina huonyeshwa kwa muda wa sauti kwenda na kurudi) uliopigwa baharini katika Ghuba ya Pozzuoli, Italia, ndani ya kaldera (shimo kubwa linalobaki volkano inapoporomoka) ya Campi Flegrei. Upande wa bahari kuu matabaka yamepangana vizuri, lakini kuelekea ufukweni mistari inakatika ghafla na chini yake kumebaki ukungu wa kijivu. Je, nichore tufu ya volkano (mwamba wa majivu ya volkano yaliyoshikamana), au ni gesi inayoficha matabaka?

Nanga: Usichore kitu kabla hujachunguza ukingo wa ukungu huo. Gesi haifuati mpangilio wa matabaka. Huyakata wima, na pembeni mistari huonekana imejipinda kushuka kwa sababu sauti hupunguza mwendo katika mashapo (mchanga na tope lililotuama) yenye gesi. Tufu ni mwamba, hivyo mashapo yaliyokuja baadaye huuegemea na kukomea ubavuni mwake. Angalia pia ishara ya wimbi la sauti linalorudi, yaani kama ni chanya au hasi: paa la tufu hulirudisha kama sakafu ya bahari inavyolirudisha, ilhali paa la gesi huigeuza ishara hiyo.

Mchora_Matabaka: Ahsante, ndugu. Ishara ya wimbi imegeuka, kwa hiyo ni gesi. Hata hivyo, matabaka ya jirani yameinamia baharini. Je, kuna kuba la volkano lililoyasukuma?

Mzee wa Mashapo: Si lazima. Kaldera hiyo iliporomoka yapata miaka 15,000 iliyopita, mlipuko ulipotoa Tufu ya Njano ya Napoli, na tangu hapo sakafu yake imekuwa ikipanda na kushuka. Kati ya 1982 na 1984 ardhi ya Pozzuoli ilipanda karibu mita 1.8, na nguzo za soko la Kirumi mjini humo zina matundu yaliyotobolewa na kombe wa baharini, ingawa leo ziko nchi kavu. Pima unene: tabaka lenye unene uleule kote liliinamishwa baada ya kutuama, bali linalokonda kuelekea ufukweni lilitua wakati sakafu ikiinuka. Ukigeuza muda kuwa kina, milisekunde 100 za kwenda na kurudi ni mita 75 katika maji, ambamo sauti husafiri takriban mita 1,500 kwa sekunde. Ndani ya tufu kipimo hicho hakifai, kwa kuwa mwendo wa sauti humo si ule wa majini.

Mchora_Matabaka: Nimepima. Matabaka ya chini yana unene mmoja; kuanzia mstari wa tatu kwenda juu yote yanakonda kuelekea ufukweni.

Mzee wa Mashapo: Basi weka mwanzo wa mwinuko kwenye mstari huo wa tatu.