Naomba ushauri, nataka kubadilisha kulanti (dawa ya kupoza injini) mwenyewe nyumbani
Wakuu habari, nipo Moshi na Noah old model, juzi napandisha Marangu mshale wa joto ukaanza kupanda nikapaki, ilivyopoa ndo nafungua mfuniko wa rejeta nakuta maji ya kahawia kama chai ya rangi iliyolala, kumbe fundi alijazaga maji ya bomba tu! Sasa nataka nimwage mwenyewe, koki ya chini nimeiona ila ya plastiki, naogopa isije ikanikatikia. Nikifungua hiyo yanatoka yote au mengine yanabaki kwenye injini? Nisuuze mara ngapi? Na hewa mnaitoaje, maana ikibaki gari linachemsha vilevile. Halafu mbwa wa jirani anashinda hapa kwangu, na kulanti ni tamu ila sumu, ile chafu mnaipeleka wapi?