Naomba ushauri: najifunza kufikiri kikompyuta, nimekwama kwenye matatizo halisi

Habari zenu wakuu. Nimeanza kujifunza kufikiri kikompyuta, yaani kutatua tatizo kwa hatua zilizo wazi ambazo hata kompyuta ingeweza kuzifuata; bado sijagusa lugha yoyote ya programu. Kuvunja tatizo vipande vidogo naweza. Hata kutafuta jina kwa kugawa orodha nusu kwa nusu nimeelewa, na nilifurahi sana kuona majina 1,000 yaliyopangwa kialfabeti hayazidi hatua 10. Kinachonishinda ni kuchuja. Nikichukua tatizo halisi, mfano kupanga zamu za watu 12, sijui taarifa ipi nibaki nayo na ipi niiache. Kila kitu naona muhimu! Mliopita njia hii, mlijizoezaje? Niendelee kuandika hatua kwenye karatasi kwanza, au niingie moja kwa moja kwenye lugha ya programu kama Python? Natanguliza shukrani.