Mzee mwenye dimenshia (ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu na uwezo wa kufikiri) anakataa kuoga

Wakuu, mzee wa miaka 81 akiona bafu anapiga kelele, ukimshika mkono anarusha ngumi. Afanyweje?

— Msimvute. Mara nyingi si ukaidi. Ni baridi, aibu, au maji yanayomshukia kichwani ghafla. Panga sabuni, taulo na nguo kabla hujamwita. Maji yawe nyuzi 37 hadi 38, hakikisha kwa kiwiko. Mkalishe kwenye kiti kisichoteleza, mfunike taulo mabegani, anza miguuni ukipanda, ukifunua sehemu unayoosha tu. Kichwa mwisho, au siku nyingine kabisa. Mpe kitambaa ajisugue kifua. Mikono ikiwa na kazi, ngumi hupungua.

— Naongezea: usimuulize "utaoga?", atasema hapana. Sema, "Babu, maji tayari." Mwili mzima mara 2 au 3 kwa wiki yatosha. Siku nyingine mfute uso, makwapa na sehemu za siri, ukaushe mikunjo ya ngozi, maana unyevu huleta fangasi.

— Kukataa kumeanza ghafla, ndani ya siku chache? Apelekwe hospitali kwanza. Maambukizi ya mkojo, choo kigumu au maumivu ya nyonga hubadilisha tabia hivyohivyo, naye hawezi kueleza.